Mlima wa Milepa, mtihani wa kabureta

Simba wanaujua Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Oktoba 2020 walilala pale 1-0 mbele ya Tanzania Prisons. Mji upo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Shabiki wa Milepa, bondeni Ziwa Rukwa, hupanda karibu mita 1,000 kuufikia, na anayekata pumzi kwanza ni bodaboda.

Si lazima injini iwe mbovu. Kabureta iliyosetiwa bondeni humwaga petroli nyingi wakati hewa imepungua. Plagi inatoka nyeusi, ukivuta mafuta inajibu kwa kuchelewa kama beki aliyeachwa mbio. Nguvu nayo hushuka kwa karibu asilimia 10. Ongeza mshikaki, kona za mlima zinakuwa balaa.

Fundi mzuri huanza na chujio la hewa, maana vumbi nalo linaziba. Injini ikishapata moto, anazungusha skrubu ya hewa taratibu mpaka mlio uwe juu na laini, kisha anashusha sailensa. Ikiendelea kukohoa katikati, klipu ya sindano inapandishwa hatua moja ili petroli ipungue.

Tatizo ni kurudi. Ukishuka Milepa na seti ya mjini, hewa nzito inakuta petroli kidogo, injini inachemka, pistoni inaweza kuungua. Kwa hiyo anayepanda siku ya mechi tu, bora abaki na seti ya bondeni, asafishe chujio, abebe abiria mmoja, atoke mapema. Kocha habomoi mfumo mzima kwa mechi moja ya ugenini.