Majaji Wanaomwuliza Mwenyewe

Tukisikia habari za mashindano ya wanawake, wengi wetu hufikiria sura, kiuno na mavazi. Lakini huko Marekani lipo shindano la namna nyingine. Lilianzishwa mwaka 1972 katika jimbo la Ohio na Daktari Philip K. Wood, nalo huitwa Ms. Wheelchair America. Washiriki wake ni wanawake wanaotumia kiti cha magurudumu katika maisha yao ya kila siku.

Majaji hawapimi uzuri. Humwuliza mshiriki amefanya nini tangu alipopata ulemavu, nao husikiliza jinsi anavyojieleza. Mshindi hupewa kazi: kuzunguka kwa mwaka mmoja akiwasemea wenzake.

Wapo wanaosema kwamba huko ni kuwafanya walemavu maonyesho. Hofu hiyo tunaielewa, maana huruma ya kutazamwa tu haimsaidii mtu. Hata hivyo, sisi wauguzi tunaliunga mkono shindano hilo kwa sababu moja: swali huulizwa mwanamke mwenyewe. Mara ngapi mwanamke hufikishwa kliniki akiwa kitini, na watu wakamwuliza anayemsukuma, "Huyu anaumwa nini?" Mtu asiyeulizwa huzoea kunyamaza, na kwake kunyamaza ni hatari.

Tuchukue mfano wa vidonda vya kukaa. Mtu akikaa muda mrefu bila kujiinua, damu haipiti vizuri katika ngozi ya makalio, na ngozi huanza kufa. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asisikie maumivu yoyote. Kidonda huchimba hadi mfupani, vijidudu huingia katika damu, na mtu hufa kwa jambo ambalo lingezuilika.

Kwa hiyo nyumbani tufanye hivi:
- Akalie mto mzuri, na kiti kilingane na mwili wake.
- Ajiinue au ainamishwe pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa dakika moja au mbili.
- Ngozi itazamwe asubuhi na jioni. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi; tutafute mahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu. Tukipaona, asipakalie tena mpaka papone, na muuguzi aarifiwe mapema.
- Mkojo ukibadilika harufu au rangi, au homa ikipanda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo jingine ni uzazi. Wengi hudhani kwamba mwanamke wa kiti cha magurudumu hazai. Sivyo. Wengi hushika mimba na kujifungua salama. Lakini aliyeumia uti wa mgongo anaweza asisikie uchungu ukianza. Basi aanze kliniki mapema, na mpango wa kujifungulia hospitali ufanywe kabla ya miezi ya mwisho.

Wazazi, binti yenu mwenye ulemavu asifichwe chumbani wageni wanapofika. Apelekwe shule. Kizingiti cha mlango kiwekewe mteremko wa udongo au mbao ili atoke bila kubebwa. Akifika kwa daktari, mwacheni aseme mwenyewe. Wale wanawake wa Marekani hawakufika mbele ya majaji wakiwa na vidonda na hofu ya kusema. Kabla ya yote walihitaji afya, elimu na mlango unaopitika. Hayo yanaweza kuanzia nyumbani kwetu.