MALENGO YA SHULE YATAWEKWA NA NANI?



Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 wazazi wa shule moja ya sekondari ya kutwa, iliyo pembeni mwa Nairobi kule ambako mabasi hugeukia, waliletewa karatasi. Jina la shule hatulitaji, maana si shule moja tu yenye karatasi ya namna hiyo, na wengi wetu tuna watoto huko. Kichwa cha karatasi kilikuwa kizuri: Malengo ya Maendeleo ya Shule. Chini yake lilikuwako lengo moja tu kwa herufi kubwa, nalo ni kuondoa shule katika wastani wa D+ na kuifikisha C+ katika miaka miwili. Kisha yakafuata maagizo. Watoto wafike saa kumi na mbili asubuhi. Kidato cha Tatu na cha Nne wabaki mpaka saa mbili usiku. Kila mzazi atoe fedha za "motisha". Basi, kwisha.

Mkutano wa kuyapitisha malengo hayo uliitwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Twauliza: ni mfanyakazi gani wa kiwandani au wa ghala, ni dereva gani wa matatu, ni mama gani auzaye mboga sokoni, awezaye kuhudhuria mkutano Jumanne saa nne bila kupoteza ujira wa siku? Waliofika walikuwa wachache. Wakapiga makofi, na katika kitabu cha mkutano ikaandikwa ya kwamba wazazi wamekubali.

Sisi hatukukubali. Na isisemwe ya kwamba wafanyakazi hawataki shule yao iendelee, kwa kuwa hakuna mtu anayeitaka elimu kuliko yule aliyebeba magunia miaka ishirini kwa sababu hakuipata. Baba zetu katika miaka ya 1930 walijenga shule zao wenyewe kwa mawe na harambee, wakafungua chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, mpaka serikali ya wakoloni ilipokifunga mwaka 1952. Watu wale walijua sana kuweka malengo. Ugomvi wetu ni juu ya lengo la namna gani, na nani aliyeliweka, na nani atakayelilipia.

Kwanza tuutazame huo wastani, kwa kuwa watu wengi huuogopa kama hesabu ya wakubwa, na kumbe ni hesabu ya mtoto mdogo. Katika mtihani wa KCSE, A ni pointi 12 na E ni pointi 1. Chukua watoto wanne. Mmoja amepata 7, wa pili 5, wa tatu 3, wa nne 1. Jumla ni 16, gawa kwa nne, wastani ni 4, yaani D+. Sasa mwondoe yule wa mwisho. Wamebaki watatu, jumla ni 15, wastani ni 5, yaani C-. Shule imepanda daraja zima! Hedimasta atapongezwa, picha itapigwa. Lakini ni mtoto gani aliyejifunza hata herufi moja zaidi? Hakuna. Kilichofanyika ni kumtoa mtoto mmoja nje ya lango.

Na ndivyo inavyofanyika. Mzazi huitwa ofisini, huambiwa kwa sauti ya upole ya kwamba kijana wako "hajawa tayari", afadhali arudie darasa, au akajiandikishe mtihani mahali pengine, au ajaribu ufundi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumrudisha mtoto nyuma au kumfukuza hivi hivi. Lakini mzazi aliyeitwa ofisini peke yake, akiwa amevaa ovaroli na ameomba ruhusa ya saa moja, hana sheria mfukoni. Anatia sahihi.

Wanachama wa viwandani mchezo huu wanaujua. Msimamizi akitaka kumwonyesha meneja ya kwamba kila mtu anafunga maboksi mengi kwa siku, hanunui mashine mpya. Anawafukuza wazee na wagonjwa, halafu anawaongezea kazi waliobaki. Makaratasi yanapendeza, na mashine ni ile ile mbovu.

Watu wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii, na matokeo yake yanajulikana. Huko Uingereza mwaka 1862 serikali ilitoa kanuni mpya kwa mkono wa bwana mmoja aitwaye Robert Lowe. Kila mtoto akawa na bei. Shilingi 4 kwa kuhudhuria, na shilingi 2 na peni 8 kwa kila somo atakalofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Asipofaulu, shule inakosa fedha. Walimu wakawakaririsha watoto vitabu mpaka wengine waliweza "kusoma" ukurasa huku kitabu kimegeuzwa juu chini. Walimu wa shule za msingi walipounda chama chao cha taifa mwaka 1870, vita hivi vilikuwa miongoni mwa vita vyao vya kwanza, na ilichukua hata miaka ya 1890 kuuondoa mpango huo.

Wamarekani nao, Januari 2002, rais wao alitia sahihi sheria iliyosema ya kwamba ifikapo mwaka 2014 kila mtoto, katika kila shule ya serikali, awe amefaulu kusoma na hesabu. Kila mtoto! Hakuna bwana shamba aliyewahi kuahidi ya kwamba kila punje itaota. Lengo lilipandishwa hatua kwa hatua, na shule isiyolifikia iliwekewa alama ya kushindwa. Hata shule za sekondari za viunga vya miji, zenye viwanja vya nyasi na maktaba kubwa, ziliandikwa zimeshindwa kwa sababu kundi moja dogo la watoto halikufikia namba ya mwaka ule. Na katika shule za maskini yakatokea mambo ya aibu. Katika mji wa Atlanta wachunguzi wa jimbo walieleza mwaka 2011 ya kwamba udanganyifu ulikuwa katika shule 44, na walimu na wakuu wa shule 178 walitajwa. Watu wazima walikuwa wakifuta majibu ya watoto kwa raba na kuandika yaliyo sawa! Aprili 2015 watu 11 walikutwa na hatia mahakamani. Desemba ya mwaka ule ule sheria yenyewe ikabadilishwa.

Tusiwacheke. Mwaka 2015 hapa kwetu matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka ule A zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 mitihani ikalindwa kwa kufuli na polisi, na A zikawa 141. Watu wamebishana juu ya sababu nyingine, wabishane, lakini akili za watoto wa Kenya hazikukauka katika miezi kumi na miwili. Ukimwambia mtu mkate wake unategemea namba, utaletewa namba.

Sasa tuje kwenye fedha, mahali ambapo ile karatasi ya malengo ilinyamaza kimya.

Tangu mwaka 2018 serikali iliahidi Shs. 22,244/- kwa kila mtoto wa sekondari ya kutwa kwa mwaka. Mwaka huo huo ikaamuru ya kwamba kila mtoto atokaye shule ya msingi aingie sekondari, jambo jema ambalo tuliliunga mkono na tunaliunga mkono hata sasa. Madarasa yakajaa. Walimu hawakuongezeka kwa kiasi kile. Kisha Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliwaambia wabunge ya kwamba kinachoweza kutolewa kwa kila mtoto ni kama Shs. 16,900/-. Wakubwa wengine wakaharakisha kusema elimu bado ni bure. Sisi tufanye hesabu. Pengo ni Shs. 5,344/- kwa mtoto. Shule yenye watoto 600 inakosa Shs. 3,206,400/- kwa mwaka mmoja. Fedha hizo zingeweza kulipa walimu 17 mwaka mzima, kila mmoja Shs. 15,000/- kwa mwezi, na huo nao ni mshahara wa kuona haya.

Basi deni hili limeandikwa kwa jina la nani? Kwa jina la mtoto anayerudishwa nyumbani kwa karo siku tatu, na kwa jina la mwalimu. Hapa tuseme wazi, kwa kuwa sisi ni chama cha wafanyakazi na mwalimu ni mfanyakazi. Katika shule tunayoisema, walimu kadhaa hawakuajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Wameajiriwa na halmashauri ya shule, ile iitwayo BOM, kwa fedha za wazazi. Mwezi mwingine wanalipwa, mwezi mwingine wanaambiwa wavumilie. Hawana likizo yenye malipo. Mmoja wao anafundisha hesabu mchana na jioni anauza mitumba. Huyu ndiye tuliyemwandikia lengo la C+! Na "motisha" yenyewe ni nini? Ni kazi ya kipande. Shule ikipanda atapewa bahasha, isipopanda ataitwa mvivu. Vyama vyetu vilikataa ujira wa namna hiyo bandarini na katika mashamba. Hatuwezi kuukubali darasani kwa kuwa tu tunaolipa safari hii ni sisi.

Watatuambia: "Lakini C+ ndiyo mlango wa Chuo Kikuu. Mnataka watoto wa wafanyakazi wabaki nje?" Swali hili ni la haki na tunalijibu. Mlango huo tunautaka wazi, na tunautaka kwa watoto wetu kuliko wote. Lakini shule za kitaifa ziliwachukua watoto wa alama 400 kati ya 500, na shule yetu ikapokea walioachwa, wengine wenye alama 180. Shule iliyompokea mtoto wa 180 ikamtoa na C-, ambayo inamfungulia chuo cha diploma, imefanya kazi kubwa kuliko ile iliyompokea aliyekwisha kufaulu. Wastani haulioni jambo hili. Kwa hiyo tunasema: mhesabuni kila mtoto tangu mahali alipoanzia. Wameingia wangapi Kidato cha Kwanza? Wamefika wangapi Kidato cha Nne? Waliopotea njiani wako wapi, wasichana wangapi, na kwa sababu gani? Hedimasta atakayesimama mbele ya wazazi na kitabu cha namna hiyo tutampigia makofi hata kama wastani wake haukupanda nukta moja.

Malengo tunayoyataka sisi yanaonekana kwa macho. Siku za masomo zilizopotea kwa ajili ya karo zihesabiwe kila muhula na zisomwe hadharani, na lengo liwe kuzifikisha sifuri. Mwalimu wa halmashauri alipwe kabla ya mwezi kwisha, na kabla ya bahasha yoyote ya motisha. Chakula cha mchana kiwepo, kwa kuwa mtoto aliyetoka nyumbani gizani hasikii hesabu saa nane. Maabara ifunguliwe: darasa la kumi la kwanza lilianza Januari 2026, na watoto wanaambiwa wachague njia ya sayansi na ufundi, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, na maabara ya shule hii imekuwa stoo ya madawati mabovu. Mtoto atachagua sayansi gani? Na juu ya kubaki mpaka saa mbili usiku, hatutaki hata kusikia. Barabara ile haina taa. Aliyeandika agizo lile ana gari.

Mtasema haya yote ni maneno. Siyo, maana sheria ile ile ya mwaka 2013 inawapa wazazi viti sita katika halmashauri ya shule, watu waliochaguliwa. Viti sita! Walimu wana kimoja, mfadhili ana vitatu. Hakuna kundi lenye viti vingi kuliko sisi, na kwa miaka yote viti vyetu vimekaliwa na wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha kwa sababu wao ndio wenye nafasi Jumanne saa nne.

Tawi limemwandikia hedimasta barua ya kuomba mkutano wa wazazi ufanywe Jumamosi, saa nane mchana, zamu ya asubuhi ikiwa imekwisha toka. Nakala imepelekwa kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Tumeomba vilevile hesabu ya fedha za "motisha" za mwaka 2025, zilikusanywa ngapi na alipewa nani. Wanachama wenye watoto shuleni wapeleke majina kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na jina la mtu mmoja ambaye wangependa akalie kiti. Walio zamu ya usiku wamwachie mlinzi wa lango karatasi, ataileta. Na mzazi yeyote aliyeitwa ofisini akaambiwa mtoto wake hajawa tayari, asitie sahihi kitu. Aje kwetu kwanza, twende naye.