Eti bibi alikuwa anapika tu!

MPENZI msomaji, kama kuna maneno yanayonikera hapa duniani ni haya: "Yeye yupo nyumbani tu." Unamkuta mtu mzima, tena mwenye ndevu zake, anaulizwa mkewe anafanya kazi gani, anajibu bila aibu, "Hana kazi, ni mama wa nyumbani." Halafu huyohuyo akirudi jioni wa kwanza kuuliza chakula kiko wapi!

Basi leo sina habari za mapenzi wala za disko. Leo nina habari za bibi yangu mzaa baba, mkazi wa Kikatiti, pale kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishaziacha Usa River na Maji ya Chai. Umri wake ni miaka 80 na ushee. Mimi ananiita "mume wangu", na nikikawia kwenda kumsalimia anauliza kama nimeshaoa mke mdogo huko mjini.

Bibi hajawahi kusaini mshahara hata siku moja. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Jogoo wa kwanza akiwika, yeye ameshazoa majivu jikoni na kukoka moto. Kunapopambazuka ng'ombe ameshakamuliwa na uwanja umefagiwa. Kisha majani ya ng'ombe, kisha jembe kwenye mahindi na maharage, kisha kuni. Jioni ndiyo loshoro, yaani mahindi na ndizi vilivyopondwa na maziwa ya mgando. Ukishushia bakuli moja, njaa unaisikia kwa jirani.

Na maji je? Ukanda wetu huu maji yake mengi yana floraidi nyingi, ndiyo maana wengi wetu tukicheka meno yanaonekana ya kahawia kama tumetoka kunywa chai ya rangi. Bibi hajui kemia. Lakini toka baba yangu akiwa mdogo, bibi alikuwa anakinga maji ya mvua kwenye pipa na kusema, "Haya ni ya watoto, mtu mzima asiyaguse." Leo wataalamu nao wanatuambia meno ya mtoto huharibika yakiwa bado yanajijenga. Bibi aliwatangulia.

Watoto sita wamelelewa na pipa hilo. Sare zangu za sekondari mimi zilitoka kwenye chupa za maziwa yake.

Sasa sikia kisa. Babu alishatangulia mbele ya haki. Mwaka jana akaja dalali mmoja na mteja kutoka mjini, wanataka kipande cha kihamba kilicho upande wa barabara. Baba yangu mdogo mmoja akachachamaa kwenye kikao cha ukoo kwamba kiuzwe. Alipoambiwa mwenye nyumba aulizwe, akatamka, "Mama aulizwe nini? Shamba ni la baba. Yeye alikuwa anapika tu!"

Kikao kikawa kimya. Bibi hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, mgomba ule shimo nilichimba mimi, wewe ukiwa mgongoni. Mbolea niliibeba kichwani. Baba yako alikuwa kibaruani, anarudi mwisho wa mwezi. Sasa niambie, hizo siku nyingine zote shamba lilikuwa linajilima lenyewe?"

Yaani hapo baba mdogo alijifanya anatafuta simu yake mfukoni.

Jamani, hili la bibi si porojo za kikongwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao kwa sababu nyingine, na kesi ile ilikuwa ya talaka, si ya mirathi. Lakini hoja ndiyo ileile ya bibi: kupika ni kazi.

Halafu ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Wangapi huko vijijini wameambiwa? Wengi wanaambiwa "ardhi ni ya ukoo", basi.

Na sisi Wameru ndio tungepaswa kujua zaidi. Mwaka 1951 mkoloni aliwang'oa watu wetu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili awape walowezi, akawaambia wahamie King'ori, hapo jirani tu na kwa bibi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hadi New York, Umoja wa Mataifa, kuililia ardhi ile. Bibi alikuwa mtoto, anakumbuka wazee wakichangishana nauli. Leo watoto wa hao hao waliochanga wanataka kumng'oa mama yao kwa bei ya pikipiki mbili!

Mpaka ninapoandika, kipande hakijauzwa. Bibi ameshakwenda ofisi ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, nami nilimsindikiza. Baba mdogo hajaafiki, na dalali bado anapitapita. Hivyo vita haijaisha.

Wewe mwenye bibi kijijini, usimpelekee sukari na kanga peke yake. Muulize hati iko kwa jina la nani. Tena muulize leo, angali hai na anakumbuka nani alichimba lile shimo.

Tukijaliwa, wiki ijayo.