Lango la Serengeti lililo jirani na Mwanza

Ukitaja Serengeti, wengi hufikiria Arusha. Lakini kutoka Mwanza hadi lango la Ndabaka ni kama kilomita 140 tu, lami tupu, kupitia Kisesa, Magu na Lamadi, huku Ghuba ya Speke ikichungulia kushoto kati ya mashamba ya mpunga na majabali. Anayetoka Arusha hukatiza kwanza Ngorongoro na kulipia huko. Wa Mwanza hana gharama hiyo. Njia hii ilistahili kuwa ya kwanza kutangazwa kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa.

Wapo wanaosema upande wa magharibi hauna kitu nyumbu wakishapita, kati ya Mei na Julai. Si kweli. Mto Grumeti una mamba wakubwa mwaka mzima, na mbega hurukaruka kwenye miti ya kingo zake. Wengine hutaja matope, na hoja hiyo ina uzito: udongo mweusi wa mbuga hunasa magari masika. Basi tuidai barabara ya ndani iliyoinuliwa kwa changarawe, na mabasi ya kuwapeleka hifadhini wanafunzi wa Magu na Busega, wanaoishi jirani na simba wasiowahi kuwaona.