UCHANGANUZI: Baharia asiyetia sahihi akirudi pwani huwahatarisha wenzake

KIBATI kimoja kisichorejeshwa ubaoni jioni chatosha kuwarudisha baharini waokoaji ambao wamekwisha kuivuta boti yao nchi kavu. Huenda mwenye kibati hicho ameketi mkahawani akinywa chai. Huenda pia angali majini, ameshikilia kidau kilichopinduka, akisubiri kuonekana. Aliye pwani hana njia ya kuwatofautisha watu hao wawili, na hapo ndipo ulipo uzito wa kanuni ambayo washindani wengi wa vidau vya matanga huiona kuwa usumbufu wa makarani.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kabla ya kushua chombo, kila mshindani hutia sahihi katika daftari la klabu, akiandika jina lake, jina la mwenzake iwapo wako wawili, na nambari iliyo kwenye tanga. Arudipo, hutia sahihi mara ya pili. Vilabu vingine hutumia ubao wenye misumari iliyotundikwa vibati vya nambari: mtu huchukua chake anapotoka na kukirudisha anapofika. Anayekiuka utaratibu huo huadhibiwa kwa pointi, kwa kiwango kilichotajwa katika maagizo ya mashindano.

Adhabu hiyo ndiyo chanzo cha manung'uniko. Katika mchezo huu mwenye pointi chache ndiye mshindi. Wa kwanza hupewa moja, wa pili mbili, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo kuadhibiwa ni kuongezewa pointi. Baharia aliyeshindana na upepo kwa muda wa saa mbili na kufika mbele ya wenzake wote hushuka akiwa amelowa, huvuta kidau mchangani, hushusha tanga, humsaidia jirani yake kuinua chake, kisha hujiendea nyumbani. Matokeo yakitangazwa hujikuta katikati ya orodha kwa sababu ya kalamu. Hoja yake kwamba mashindano hushindwa majini na si mezani haikosi mantiki.

Hata hivyo, hoja hiyo haiangalii yanayotendeka pwani wakati jina lake limebaki wazi. Msimamizi huanza kwa kumpigia simu, na simu ya baharia mara nyingi huwa imezimwa au imeachwa ndani ya gari. Kisha huulizwa wenzake. Baadaye huhesabiwa vidau vilivyo ufuoni, kimoja baada ya kingine, vikilinganishwa na nambari za daftarini. Majibu yakikosekana, boti hutumwa. Katika klabu ndogo boti hiyo huwa moja au mbili, na ikiwa inamtafuta mtu aliye njiani kwenda kwake, haiwezi wakati huo huo kuwa kando ya yule aliyevunjikiwa mlingoti upande wa pili wa bahari. Mombasa jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na giza hushuka upesi. Maji yakipwa, mkondo wa Kilindini huvuta kuelekea bahari kuu, katika njia ile ile wanayopita manahodha wa meli za mizigo ambao hawawezi kukiona kichwa cha mtu kikielea.

Wapo wanaojitetea kwa kitabu cha kanuni za shirika la kimataifa la mchezo huu, World Sailing. Kitabu hicho husema wazi kwamba uamuzi wa kuingia mashindanoni au kuendelea nayo ni wa baharia mwenyewe. Kama jukumu ni lake, wanauliza, ya nini kuhesabiwa kama mwanafunzi? Lakini kitabu hicho hicho humlazimisha kila mshindani kumsaidia kadiri awezavyo mtu yeyote aliye hatarini, na tangu kanuni za mwaka wa 2021 kimeongeza ishara maalumu: bendera ya V ikipandishwa na mlio mmoja kusikika, vyombo vyote vyatakiwa, ikiwezekana, kusikiliza maagizo ya utafutaji na uokoaji kwenye masafa ya kamati. Maagizo hayo yatakuwa na maana gani ikiwa kamati haijui inamtafuta nani?

Mfano wa Ireland unafaa kukumbukwa. Mnamo Julai 2007 vijana walikuwa wakishindana kwa vidau katika ghuba ya Dublin, karibu na bandari ya Dún Laoghaire, pale upepo mkali ulipovuma ghafla na kuvipindua vyombo vinavyokadiriwa kufikia mia moja kwa mpigo. Boti za uokoaji na helikopta ziliitwa. Baadhi ya vijana walipelekwa hospitalini, lakini hakuna aliyepoteza maisha. Katika hali kama ile, kuwaopoa watu ni nusu tu ya kazi. Vijana hushukishwa mahali tofauti, wengine kwa vyombo vya wapita njia, na vidau vyao huachwa vikielea bila mtu. Anayevikuta hana budi kuuliza, mwenyewe yuko wapi? Ni orodha peke yake inayoweza kumjibu, na ni orodha hiyo inayompa kamanda ujasiri wa kutamka kwamba utafutaji umekwisha.

Afrika Mashariki imeuona upande mwingine wa jambo hili, ingawa si katika michezo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Katika saa za mwanzo hakuna aliyeweza kutaja idadi ya waliokuwamo, kwa kuwa karani aliyekata tiketi alitoweka pamoja na mashine iliyohifadhi hesabu. Orodha ilikuwa imepanda chombo pamoja na wenyewe. Siku mbili baadaye, shughuli ikiwa imekwisha kuchukua sura ya kuopoa maiti, fundi wa mitambo alipatikana akiwa hai ndani ya kivuko, mahali palipobaki na hewa. Miaka 22 kabla ya hapo, MV Bukoba ilizama ziwani humo humo ikiwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote.

Kivuko si kidau, na abiria si mwanamichezo aliyechagua kulowa. Ila kanuni ya klabu imejengwa juu ya msingi ule ule: hesabu ibaki pwani, mikononi mwa mtu ambaye hatazama nayo.

Upungufu mkubwa zaidi huwa katika sahihi ya pili. Ile ya kwanza haina taabu, kwani mtu anayetaka kushindana huikumbuka. Asipoitia huenda asihesabiwe kuwa alishiriki. Ya kurudi haimletei faida yoyote. Ndiyo maana adhabu inahitajika, na ndiyo maana pia adhabu ikiwa kali kupita kiasi huzaa hila mbaya kuliko kosa lenyewe. Rafiki humwona rafiki yake akikaribia ufuo, humtilia sahihi ili asipoteze pointi, kisha huondoka. Dakika tano baadaye upepo hubadilika, na aliyekuwa akikaribia hajakaribia tena. Daftari linasema yuko salama. Hakuna atakayemtafuta. Jina lililosahauliwa huleta hofu ya bure. Jina lililofutwa na mkono wa mwingine huondoa hofu iliyokuwa na sababu. Klabu inayoadhibu la kwanza na kulifumbia macho la pili imegeuza mambo, na afadhali iwe na adhabu ndogo kwa msahaulifu na kubwa kwa mwenye kumsainia mwenzake.

Hatari hiyo huongezeka kwa vyombo vya mtu mmoja. Laser, yenye urefu wa mita 4.2, humbeba baharia peke yake. Optimist, ya mita 2.3, hutumiwa na watoto wasiozidi miaka 15. Hakuna mwenza wa kusema, "Mwenzangu yuko wapi?" Mtoto naye huchukuliwa na mzazi mwenye haraka, akaondoka na kibati mfukoni.

Simu za mkononi zimeleta pendekezo la kujiandikisha kwa ujumbe. Zinarahisisha kuingia, lakini humruhusu mtu kujitoa akiwa mahali popote, hata kabla hajatia mguu mchangani. Ubao uliowekwa pale vidau vinapovutwa una faida moja: kuufikia, sharti mtu awe amefika.

Kwenye mashindano ya mashua huko Lamu kazi ni ngumu zaidi, maana mabaharia hukaa upande wa upepo kama uzito wa kukizuia chombo kisilale, na idadi yao hutegemea upepo wa saa ile. Nahodha anaweza kumwongeza kijana au kumshusha dakika ya mwisho. Orodha iliyoandikwa asubuhi ni ya uongo ifikapo adhuhuri, isipokuwa kuwe na mtu wa kuhesabu vichwa wakati mashua inang'oa nanga.

Kuna kundi moja ambalo daftari hulisahau kwa urahisi, nalo ni wahudumu wa boti ya uokoaji wenyewe. Hushuka majini wa kwanza na kurudi wa mwisho, wakati mwingine baada ya msimamizi kufunga daftari na kukunja bendera. Injini yao ikizima gizani, ufuoni huwa hakuna aliyebaki kuwahesabu.