USIMSAINIE MWENZAKO! NENO KWA WATOTO WETU WA VYUO

Leo nina neno kwa wanafunzi wetu, na sitabembeleza mtu.

Kijana mmoja wa hapa kwetu Ngong alinijia akitaka nimwombee mtihani. Nikamuuliza, "Mwanangu, madarasa umehudhuria?" Akatabasamu. "Pasta, wenzangu hunisainia." Na huyu ni mwanakwaya! Nilimwombea, lakini tulianza na toba.

Wapendwa, tuliite jambo kwa jina lake. Ile karatasi inayozunguka darasani inauliza nani yuko hapa. Ukiandika jina la mtu aliyelala hosteli, umesema uongo na umeghushi sahihi. Ninyi mnaita kusaidiana. Anania na Safira pia walikubaliana wawili (Matendo 5). Uongo wa watu wawili haugeuki kuwa upendo.

Mwingine anasema, "Roho Mtakatifu atanikumbusha." Amina! Lakini soma Yohana 14:26 vizuri. Yesu aliwaahidi wanafunzi kwamba Roho atawakumbusha yale aliyowaambia. Walikuwepo akiyasema! Hauwezi kukumbushwa kitu ambacho hukuwahi kusikia.

Tunapenda kuhubiri Danieli na tundu la simba. Tuhubiri pia Danieli darasani. Alifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka 3, na walimu wake hawakuwa waliookoka. Alikataa chakula cha mfalme, lakini darasa hakulikataa. Mungu akampa ujuzi, na mfalme akamwona yeye na wenzake kuwa bora mara 10 (Danieli 1:20). Na Bwana wetu akiwa na miaka 12 alipatikana hekaluni ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali (Luka 2:46). Kama Mwana wa Mungu aliketi akasikiliza, wewe ni nani uweke vidude masikioni mhadhiri akifundisha?

Najua jibu lenu: "Pasta, hata wahadhiri walitutoroka." Mgomo wa vyuo vya umma ulianza Septemba 17, 2025 ukaisha Novemba 5, siku 49, na mliumia kweli. Siwalaumu waliodai malipo yao, maana mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini mlikuja madhabahuni mkilia, tukaomba milango ifunguliwe. Ilifunguliwa. Mbona sasa kiti chako kiko tupu?

Basi sikieni. Toka nyumbani mapema. Ukipanda 111 kutoka Ngong unaijua foleni ya barabara hiyo, usimsingizie shetani kila asubuhi. Ukichelewa, ingia polepole, keti nyuma, usisalimie watu. Simu izime. Ukiwa na swali, inua mkono. Ukipinga jambo, pinga kwa heshima, kwa maana imani yako haikupi ruhusa ya kumdharau mwalimu. Usifunge begi kabla hajamaliza. Na kama unasinzia, kumbuka Eutiko alishikwa na usingizi Paulo akihubiri hadi usiku wa manane. Wewe unasinzia saa nne asubuhi kwa sababu ulikesha na simu!

Sasa sisi wachungaji. Mimi mwenyewe nimewahi kuitisha kesha la vijana Jumatano, nikijua wana darasa saa mbili asubuhi. Asubuhi ile walikosa darasa, na mimi nikashangilia kwamba kanisa lilijaa. Hilo lilikuwa kosa langu, na naomba msamaha. Kuanzia sasa kesha la vijana ni Ijumaa pekee. Mtumishi anayemtoa mtoto wa mtu darasani kila wiki halafu anaita huko ni kujitoa kwa Bwana, anatumia karo ya mzazi kujaza viti vyake.

Binti yangu, mwanangu, ukame wa 2022 ulimaliza mifugo hapa Kajiado. Kuna mama aliyebaki na mtamba mmoja, akamwuza ili wewe usome. Kila kiti unachoacha tupu, yeye amekwisha kukilipia. Na siku ya kuhitimu atakaa juani na lesso yake akisubiri jina lako lisomwe. Hapo hakuna wa kukusainia.

Mzazi, mtumie mtoto wako ujumbe huu leo. Mwanafunzi, kama umeamua kutomsainia mtu tena, andika AMINA, kisha kesho uende darasani.

Mbarikiwe.