Kitabu Peke Yake Hakisemi

Wandugu wanafunzi, wengine kati yetu wanasema: luga yenye vitabu haiwezi kufa. Mimi nakataa. Tuangalie Wachuvashi wa inchi ya Urusi, karibu na mto Volga. Luga yao ni ndugu ya Kituruki, lakini Mturuki hawezi kuisikia. Tangu 1871 mwalimu Ivan Yakovlev aliwatengenezea alfabeti kwa herufi za Warusi, akaongeza zingine kwa sauti zao. Agano Jipya likatoka 1911. Vitabu viko. Lakini hesabu ya 2010 ilipata wasemaji zaidi ya 1.000.000, ile ya 2021, karibu 700.000 tu. Sababu gani? Wazazi wengi wanasema na watoto Kirusi tu. Basi sisi, tusione haya kusema luga ya mama zetu, hata hapa masomoni.